Habari za Fundi Mstari na Programu Iliyoinamisha Dunia kwa Digrii Moja

Kaeni vema, enyi wenye masikio na nafasi ya kukaa. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye simu mkononi ailaze kifudifudi, na mwenye haraka aende zake kwa amani, maana habari ninazozileta si za kusikilizwa mguu mmoja ndani na mwingine nje. Naandika tarikh, yaani historia, ya siku sita ambazo nyumba moja ya vyumba vitatu, yenye karakana uani na bomba linalovuja pembeni, ilitikisika kuliko dola zinazotikiswa na majeshi, na shujaa wake akaangushwa, akajihukumu mwenyewe, akainuka, na mwisho akashinda. Msiniulize kwa nini vitabu vikubwa havikuiandika vita hiyo. Vitabu vikubwa vina wafalme wa kushughulikia; mimi nina shemeji.

Shemeji huyo ni mume wa dada yangu mkubwa, seremala wa miaka thelathini, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Mstari kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitu cha mkono wake kikienda upande. Ndiye mnyoosha fremu, mtiisha mbao zilizojikunja, bwana wa randa mbili na patasi kumi na moja, adui aliyeapa wa kila mlango unaojifungua wenyewe. Akiingia nyumba ya watu husalimia kwanza kabati, kisha wenyeji. Mimi ninayeandika ni mtu wa duka la kuchapisha kadi na vipeperushi. Naishi chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, nakula mezani pake, na sijui kupigilia hata msumari mmoja, kama mtakavyoona.

Basi mwaka huo misiba miwili ilimfikia shujaa wetu. Wa kwanza ulikuwa mtoto wa jicho, aliyemfunika jicho la kulia mpaka madaktari wakaingia humo na visu vyao vidogo wakamtoa. Jicho lilipona, lakini imani ya mwenye jicho haikupona. Alikuwa akisimama mbele ya ubao, anafumba moja, anafumba jingine, anashusha penseli bila kuchora. Wa pili ulikuwa kifo cha pimamaji yake ya kupimia usawa, ile ya mti mwekundu yenye kioo na kiputo katikati, aliyoirithi kwa mwalimu wake wa kazi. Iliuawa na nani? Tarikh ya kweli haimfichi mtu: iliuawa na mimi. Nilitaka kutundika kalenda chumbani, nyundo sikuiona, nikachukua kitu kirefu kizito kilichokuwa karibu nikagongea msumari. Kioo kilipasuka, maji yakanitiririka mkononi, na kiputo kilichotawala miaka thelathini kikaenda kilikokwenda.

Hakunigombeza. Aliyafunga mabaki yake kwenye gazeti akayaweka juu ya kabati. Nilihisi vibaya sana, na katika kuhisi vibaya ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi: badala ya kumnunulia pimamaji nyingine, nikamnunulia maendeleo.

Maendeleo yalikuwa simu. Na haikuwa simu ya kawaida, kama zile ambazo kila mtu anazo na kila mtoto anajua kuzifungua, bali simu ya mfumo mpya kabisa, uliozaliwa mwaka uleule, wenye duka lake lenyewe la programu. Muuzaji, kijana mwenye ulimi laini na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake, aliniapia kwamba ndani ya duka hilo kuna kila programu ambayo moyo wa binadamu unaweza kuitamani. Nikamuuliza kama kuna ya kupimia usawa wa mbao. Akacheka kwa huruma, akasema zipo tele.

Hapa, enyi wasikilizaji, naomba nipewe pumzi ndefu na kumbukumbu isiyoteleza, nizitaje zote zilizojitokeza Jumatatu ile tulipoandika neno la kupima kwenye duka la mfumo mpya. Ya kwanza kusimama ilikuwa programu yenye picha ya pimamaji ya dhahabu. Tuliipakua kwa dakika ishirini, tukaifungua, ikawa tochi. Ya pili ilifunguka ikaanguka, ikafunguka ikaanguka, na ilipofunguka mara ya saba ikatushukuru kwa kuichagua. Ya tatu ilihamishwa kutoka mfumo mwingine na mtu aliyekuwa na haraka, hata kitufe chake cha kuanzia kilibaki nje ya ukingo wa kioo, pale ambapo hakuna kidole kinachofika. Ya nne haikutaka kupima chochote mpaka ipewe orodha ya majina yote ya simuni, ruhusa ya kusikiliza sauti, na tarehe ya kuzaliwa ya shemeji. Na ilipopewa, ikamwonyesha tangazo la dawa ya nywele, yeye ambaye nywele zilimuaga zamani. Ndivyo lilivyokuwa jeshi la mfumo mpya: bendera nyingi, askari mmoja mmoja, na nusu yao wamevaa viatu vya wenzao.

Ya tano ilikaa chini kabisa ya orodha, haina picha ya maana, haina matangazo, haiulizi jina la mtu. Iliitwa Pima Sawa. Ilitengenezwa na mtu mmoja tu, na chini yake palikuwa na maandishi ya kusikitisha kidogo: hakuna maoni bado, kuwa wa kwanza. Ilifunguka bila makeke ikaonyesha kiputo cha kijani, na chini ya kiputo, tarakimu. Shemeji aliiangalia muda mrefu akasema hii inaonekana imetengenezwa na mtu mwenye adabu.

Siku ya pili akaanza kupima. Aliilaza simu juu ya meza ya kulia chakula, meza aliyoitengeneza kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, nayo Pima Sawa ikasema: imeinama kulia, digrii moja. Akaguna. Akaenda kwenye kabati la vyombo: kulia, digrii moja. Akaenda kwenye kizingiti cha dirisha, kwenye rafu ya redio, kwenye ubao wa kitanda ambacho watoto wake watatu walizaliwa na kukulia juu yake, na kila alipoiweka, kichwa mbele na miguu kwake kama mtu anavyoiweka simu ili aisome, ikamrudishia hukumu ileile. Nilimfuata chumba kwa chumba na kikombe changu cha chai. Mwanzoni nilikuwa nikitania. Alipofika kwenye kitanda nikaacha.

Mtu mwingine angesema simu ni mbovu, akaenda kulala. Lakini ujueni moyo wa seremala: tangu siku ya kwanza ya kazi hufundishwa kwamba jicho lina mapenzi na chuki zake, na kipimo hakina, na vikigombana, jicho ndilo linaloomba radhi. Miaka thelathini shemeji alitii sheria hiyo, na sasa jicho lenyewe lilikuwa limetoka hospitali. Kwa hiyo hakuishuku simu. Alijishuku yeye. Alisimama katikati ya sebule, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, akautazama kama shahidi aliyebadilisha maneno mahakamani.

“Huu mkono unavuta chini,” alisema. “Miaka thelathini unavuta chini, na hakuna aliyeniambia. Watu walinyamaza kwa heshima. Nimewauzia watu milango iliyopinda, wakanishukuru, wakanipa chai.”

Dada yangu alikuwa akichambua mchele. Alimwambia kwamba yeye ameweka vikombe kwenye kabati lile tangu alipoolewa, na hakuna kikombe kilichowahi kwenda popote.

“Digrii moja kikombe hakiisikii,” alijibu shujaa. “Fundi ndiye anayetakiwa kuisikia.”

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini mno nikatamani angenigombeza ile siku ya pimamaji, yangekuwa yamekwisha. Mfamasia wa barabara kuu, ambaye sote humwita dokta, alikuwa amemwagiza rafu za ukuta mzima kwa duka lake jipya, kazi kubwa kuliko zote za mwaka, na alikuwa aje Jumamosi wakapatane vipimo.

“Shemeji, mpigie dokta,” alisema. “Mwambie atafute fundi mwingine. Chupa za dawa si za kujaribia. Mwambie mimi nimeacha.”

Nikasema nitampigia. Dada yangu aliendelea na mchele, lakini niliona anachambua palepale alipokwisha chambua. Naye shujaa hakuishia hapo. Jumatano asubuhi, kwa mkono uleule aliouhukumu, aliipindua meza ya harusi yake, akahesabu, akachora, akashika msumeno, akaikata miguu miwili ya kushoto, sentimita moja na nusu kila mmoja, ili iteremke ifanane na upande wa kulia unaodaiwa kuinama. Mimi niliishika meza isitikisike. Alipomaliza akaisimamisha, akailaza simu, na Pima Sawa ikatamka: sifuri. Kiputo kikatulia katikati, kijani, kimeridhika. Dada yangu aliweka bakuli la mchuzi mezani, na mchuzi wote ukaenda kushoto.

Tulikula hivyo mchana ule, watu wazima watatu, kila mmoja ameshikilia sahani yake kwa mkono mmoja, na hakuna aliyethubutu kulisema lile lililokuwa wazi kwa mchuzi.

Sasa njooni karibu, maana hapa ndipo vita ilipogeuka, na haikugeuzwa na mwenye silaha. Alasiri ile simu ilikuwa inakufa chaji. Waya wake ni mfupi, soketi iko ukuta wa upande wa pili, na dada yangu, ambaye hajali simu ina kichwa wapi na miguu wapi, aliigeuza kichwa chini miguu juu palepale mezani ili waya ufike. Programu ilikuwa bado wazi. Akainama, akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu:

“Sasa inasema mbili. Si ulisema umemaliza?”

Fundi Mstari alikuwa amekaa ukumbini. Aliinuka. Naapa kwa kazi yangu ya kuchapisha kwamba niliuona uso wake ukirudi mahali pake, kwanza paji, kisha macho, kisha mdomo. Aliishika simu akaigeuza: sifuri. Akaigeuza tena: mbili. Akaigeuza mara ya tatu, mara ya nne, naye kila mara alikuwa akipumua zaidi.

Kwani ipo sheria nyingine ya useremala, ndogo, ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ambayo yeye mwenyewe amewapigia watu kelele kwayo mara mia: kipimo usikiamini mpaka umekigeuza mwisho kwa mwisho. Kikisema vilevile pande zote mbili, ni kweli. Kikibadili maneno, ni mwongo, na uongo wake ni nusu ya tofauti. Pimamaji yake ya mti aliigeuza kila siku bila hata kufikiri. Lakini simu ina juu na chini, ina maandishi, na mtu mstaarabu hailazi kichwa chini. Ndiyo maana siku mbili nzima bwana wa patasi kumi na moja hakuigeuza. Uongo ulikuwa digrii moja, mali ya programu. Ile digrii moja nyingine ilikuwa mali ya msumeno wake wa asubuhi.

“Meza ilikuwa sawa,” alisema.

“Nilikwambia,” alisema dada yangu, akaenda kutafuta vile vipande vya miguu kwenye kapu la takataka, maana alijua vitatakiwa kwa gundi.

Tungeweza kuishia hapo, na mtu wa kawaida angeifuta programu, akaitukana na ukoo wake. Fundi Mstari hakuifuta. Aliketi nayo mpaka jua likashuka, akiigeuza huku na huku, kulia, kushoto, mbele, nyuma, akiandika tarakimu kwa penseli juu ya kipande cha mbao, kwa raha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu kabla ya hospitali. Kisha akaniita, akaniambia niandike maoni pale dukani, atamke yeye. Nami ndipo nilipoingia vitani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa duka la mfumo mpya halikubali maoni ya mtu bila akaunti, wala akaunti bila neno la siri, wala neno la siri bila herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu. Nililizingira saa nzima, likanirudisha nyuma mara tisa, nikaliingia mara ya kumi kwa neno ambalo sasa sote tumelisahau. Lilipofunguka, shujaa akasimama wima, akaweka mikono nyuma, akatamka:

“Ndugu uliyetengeneza Pima Sawa, salamu. Programu yako ni nzuri, haiombi kitu na haitangazi kitu, lakini inasema uongo wa digrii moja kwenda kulia, na nusu digrii kuja kwa mpimaji. Siku ya kuiunda, uliilaza simu juu ya meza yako ukaiambia hapa ndipo sifuri. Basi programu si mgonjwa. Mgonjwa ni meza yako. Mguu wake wa kushoto wa nyuma ni mfupi kwa unene wa kidole gumba, na nadhani kompyuta yako nzito iko pembe hiyohiyo, inaukandamiza. Fundi aliyekuuzia alikata haraka. Weka kitu chini ya mguu, uipime meza kwa maji kwenye sahani, kisha upange sifuri upya. Nimekata meza yangu kwa ajili yako, lakini sina kinyongo. Nakupa nyota mbili, zote za adabu.”

Nikabonyeza. Yalikuwa maoni ya kwanza ya Pima Sawa tangu izaliwe, na pengine ya kwanza marefu katika duka lote.

Alhamisi haikuleta jibu. Ijumaa haikuleta jibu. Na ule ushindi wa Jumatano ukaanza kuchacha. Maana shemeji alikuwa amejua simu ni mwongo, ndiyo, lakini simu kuwa mwongo hakumfanyi mtu kuwa mkweli, na hayo ya mguu wa kushoto wa nyuma aliyasema mbele ya dunia nzima juu ya meza ambayo hajawahi kuiona, kwa jicho asiloliamini. Ijumaa jioni aliniuliza kama nilikwisha mpigia dokta. Nikasema ndiyo. Haikuwa ndiyo. Kwa uvivu ambao huwa unanitia aibu, na ambao safari hii pekee naomba tarikh iuandike kwa wino mzuri, nilikuwa sijampigia mtu.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne mfamasia alibisha hodi, hana habari, amebeba karatasi ya ramani ya duka lake, na shemeji akanitazama kwa jicho moja, lile lililopona, nikatazama sakafu. Kabla hajamweleza mama huyo mfamasia lolote, simu ikalia pale mezani, mlio mdogo wa tone la maji. Ulikuwa ujumbe wa dukani. Aliyeitengeneza Pima Sawa amejibu. Shemeji akaniambia nisome, nami nikasoma kwa sauti, mfamasia amesimama mlangoni akisikiliza kwa adabu mambo asiyoyajua:

“Mzee wangu, nimecheka, kisha nikaingia chini ya meza na rula. Ni mguu wa kushoto wa nyuma. Ni milimita kumi na nane, na kidole gumba changu ni milimita kumi na tisa. Kompyuta iko pembe hiyo. Miaka mitatu kalamu zangu zinabiringika, nikadhani ni feni. Lakini mguu si mfupi. Kigae cha sakafu kimeng'oka pale, mguu umeingia shimoni. Meza yenyewe nimeipindua nikaipima, haina kosa hata la unywele. Nimeziba shimo, nimepanga sifuri upya, sasisho liko dukani tangu asubuhi. Umejuaje?”

Dada yangu alikuwa ametoka jikoni na mikono yenye unga. Mfamasia akauliza kwa upole kama amekuja wakati mbaya, kama arudi siku nyingine kwa ajili ya rafu.

“Hapana, dokta, pita ukae,” alisema Fundi Mstari. “Jumatatu nitakuja kwako kupima ukuta. Ila nisubiri dakika mbili, nimemkosea mtu.”

Akachukua simu yeye mwenyewe, safari hii bila mimi. Na iandikwe, isomwe na watakaokuja baada yetu, wenye mifumo mingine na maduka mengine yaliyojaa tochi, kwamba siku ile mtu mmoja, akiwa amesimama sebuleni pake, aliitengeneza meza iliyo mbali asikokujua, bila kuigusa, bila kuiona, na jicho lake lililotoka hospitali halikukosea ila kwa milimita moja. Alipandisha nyota kutoka mbili mpaka nne. Ya tano hakuitoa, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kumpa mtu tano. Kisha, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, mfamasia akingoja na dada yangu akifuta macho kwa kiwiko, akaongeza chini ya maoni yake mstari mmoja, ambao upo mpaka leo na yeyote anaweza kuusoma:

“Fundi wa meza hiyo, popote ulipo, nisamehe, ulikata sawa.”